Miguu Miwili ya Nelima

Kidonda changu kimefunga. Naanza na hilo kwa sababu huenda wewe unayesoma una bandeji mguuni, na mimi nilipokuwa na bandeji nilitaka mtu aniambie mwisho kwanza. Kimefunga, mfupa umeshika, natembea. Mguu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa upana wa vidole viwili, na kiatu cha kushoto nimewekewa soli nene na fundi mmoja hapa Bungoma. Nikisimama kwenye foleni huoni kitu. Nikitembea unaona.

Sitaeleza ugonjwa wa mfupa ni nini. Hiyo ni kazi ya daktari. Nitaeleza jinsi nilivyoupata, jinsi nilivyoishi nao mwaka mzima, na jambo nililomfanyia binti wa mama yangu mdogo wakati ule, ambalo hakuna daktari aliyeniuliza.

Kwetu ni ndani kidogo kutoka soko la Kamukuywa. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, kilomita tano kutoka nyumbani, ng'ambo ya mto, na kila asubuhi tulifuata barabara inayopitisha trekta za miwa. Trekta iliyojaa miwa ikipanda mlima huenda polepole kuliko mtoto anayekimbia. Kwa hivyo tulidandia. Unakimbia nyuma ya trela, unashika chuma cha pembeni, unaruka, unakanyaga ubao wa chini, na sketi unaibana katikati ya magoti. Ukishatulia unachomoa muwa mmoja na kuutafuna. Dereva akitusikia alisimama na kushuka na kiboko, nasi tulikuwa tumeshatawanyika shambani, tukicheka mpaka mbavu ziume.

Humo humo ukazaliwa mchezo. Baada ya mlima barabara inateremka hadi darajani, na pale trela hupata kasi. Daraja ni jembamba, lina vyuma pande zote mbili, kwa hivyo ilikuwa lazima uachie kabla ya kufika. Anayeachia wa mwisho ndiye mshindi, na aliyeachia wa kwanza anambebea mkoba siku inayofuata. Tuliuita mwisho-mwisho. Tangu kidato cha kwanza hakuna aliyenishinda, awe mvulana au msichana. Waliniita Gundi. Sikuwa wa kwanza darasani, sikujua kuimba, na uso wangu ni wa kawaida. Jina hilo ndilo lililokuwa langu.

Nilipokuwa kidato cha pili Nelima akaja kuishi kwetu. Mama yake, Anti Agneta, ni mdogo wa mama yangu, na wanaishi Tuwan, kule Kitale. Nelima alikuwa na umri wangu, tofauti ni wiki chache tu. Anti alimleta kwa sababu kule mjini alikuwa ameshikwa mara mbili akining'inia nyuma ya malori ya mahindi, akaona shamba litamtuliza. Siku ya kwanza nilipomwonyesha mchezo wetu Nelima aliutazama kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa kuku.

"Hii ndio mnaita game?" akaniuliza. "Bana, mko nyuma."

Mwezi haukuisha kabla hajanishinda. Aliachia mkono mmoja akapungia watu waliokuwa wakichota maji, kisha akaruka hatua chache kutoka kwenye daraja na kutua kwa miguu miwili, wima, kama aliyeshuka ngazi. Watoto wakampigia makofi. Siku iliyofuata nilibeba mkoba wangu mwenyewe kwa mara ya kwanza, na baada ya wiki nikabeba wake.

Nyumbani mambo yalikuwa vivyo hivyo. Kaka zangu walikuwa wameshaondoka kwenda kutafuta maisha, nikazoea kuwa mtoto wa pekee. Baba ni mzee wa kanisa, si mtu wa kucheka. Lakini tulipoketi kupukuchua mahindi na Nelima akaanza kuigiza makanga wa matatu na wachuuzi wa Kitale, Baba alicheka hadi akafuta machozi kwa kiganja. Nilikuwa nimeishi naye miaka kumi na mitano na sikujua kwamba akicheka hufuta machozi. Nilikaa pale na gunzi mkononi, nikahisi kitu kikinipanda kooni. Hicho kitu kilikaa nami.

Nilivunjika mwezi wa pili, kidato cha tatu. Ilikuwa kiangazi, vumbi jekundu limefunika hadi majani ya miwa. Tulidandia saba. Watano waliachia mapema, tukabaki mimi upande wa kushoto na Nelima upande wa kulia. Trela ikaanza kuteremka. Niliona daraja likija.

"Nafula, achia!" Nelima akaniita, na yeye akaruka.

Nilishinda pale pale. Ningeachia sasa hivi, jina langu lingerudi. Lakini nilitaka ushindi ambao yeye hangeweza kuurudia kesho yake, kwa hivyo nikashikilia. Trela ilipoingia darajani ikayumba kushoto, na mguu wangu ukabanwa kati ya kona ya trela na chuma cha daraja. Sikuhisi maumivu mara moja. Nilisikia mlio kama wa muwa mkavu ukivunjwa gotini.

Nelima ndiye aliyefika kwanza. Alivua sweta yake akanifunga mguu, huku mfupa ukionekana. Tulipokuwa tukisubiri gari akaniinamia sikioni na kusema tutasema trekta ilinigonga nikitembea kando, asije Baba akajua tulikuwa tunadandia. Uongo wa kwanza ulikuwa wake, na aliutunga ili kunikinga mimi.

Nililala hospitali kubwa ya Bungoma wiki sita. Walinipasua, wakanyoosha mfupa, wakanifunga plasta yenye dirisha dogo la kuangalia kidonda. Mama alininyoa nywele kwa sababu hangeweza kuzisuka nikiwa nimelala. Paja lilikonda mpaka nikaweza kulizungushia vidole vya mikono miwili. Nilijifunza saa ya wodi: uji, dawa, daktari na wanafunzi wake, kisha mchana mrefu wa kutazama mlango. Kila Jumamosi Nelima alikuja na Mama, akiwa amebeba chakula na madaftari. Alinisomea yote waliyofundishwa wiki ile, pamoja na vichekesho vya mwalimu wa hesabu. Aliketi ukingoni mwa kitanda akipunga miguu. Ningependa kukuambia nilimshukuru. Nilikuwa natazama miguu ile. Mashavu mawili ya miguu yaliyojaa, magoti mawili yanayokunjika, vidole kumi vyenye vumbi la barabara. Nilijiuliza kwa nini trela haikuyumba upande wake, kabla hajaruka.

Nilirudi nyumbani watu wakipanda mahindi. Kwa kuwa plasta haikuweza kupita vizuri mlango wa chumba chetu, nilitandikiwa sebuleni, na Nelima akabaki na chumba peke yake. Viatu vyake vilikuwa vimetoboka, kwa hivyo Mama akampa vyangu vipya, maana havikuwa na kazi. Ng'ombe wetu, ambaye hakukubali mkono mwingine isipokuwa wangu, alimkubali Nelima baada ya siku tatu. Asubuhi nilisikia maziwa yakigonga ndoo, kisha sauti ya Baba ikimwambia Nelima kwamba sasa yeye ndiye mkono wake wa kulia. Alisema hivyo kwa wema. Nililala nikitazama dari na kuuma blanketi.

Watoto waliokuja kunisalimia walisema Nelima hadandii tena. Tangu siku ile anatembea kilomita zote tano, kwenda na kurudi, hata mvua ikinyesha, na akiwaona wadogo wakikimbilia trela anawafukuza. Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia. Nikaamua kwamba ni maringo tu, kwamba anataka kuonekana mtu mzuri.

Plasta ilitolewa wakati wa palizi. Nilitembea kwa magongo, nikaanza kuota kwamba muhula ujao nitarudi shule. Kisha, mwezi wa sita, kovu likavimba, likawa jekundu, likapasuka. Usaha ukatoka. Wale wanaojua harufu hiyo wanajua. Mama alifungua madirisha yote akasema nyumba inahitaji hewa, na hakusema zaidi. Tukarudi Bungoma kupigwa picha. Daktari alituonyesha kipande cha mfupa kilichokufa ndani ya mfupa mzima. Akasema kitakatwa na kuondolewa, na kwamba tuhesabu kama mwaka mwingine. Nilikuwa tayari nimepoteza muhula mmoja na nusu. Wenzangu wangeingia kidato cha nne bila mimi. Nelima angeingia bila mimi.

Jioni ile Baba aliketi mbele yangu. Alisema kuna mtoto wa jirani amemwambia kwamba siku ile sikuwa ninatembea, nilikuwa nimedandia. Akataka kujua ukweli. Mvua ilianza kudondoka, na kupitia mlangoni nilimwona Nelima akitoka mbio kuanua nguo kwenye kamba. Aliruka kuni, akaruka beseni, akazunguka nguzo akicheka peke yake, nguo zimejaa mikononi. Kama tone la kwanza lingechelewa kidogo, labda ningesema mengine.

"Nelima alinisukuma," nikamwambia Baba.

Aliitwa ndani. Baba akamuuliza kama ni kweli tulidandia, naye akakubali. Akamuuliza kama alinisukuma. Nelima alinigeukia mimi, nguo bado mikononi.

"Nafula, sema vile ilikuwa."

Nilitazama bandeji yangu. Mwisho akasema kwa sauti ya chini kwamba hakunisukuma. Lakini Nelima ndiye aliyemwambia Baba siku ile kwamba nimegongwa na trekta, na kwa Baba mtu aliyedanganya mara moja hawezi kuaminiwa mara ya pili. Hakumpiga wala hakupandisha sauti. Alimwambia Mama ampigie mdogo wake simu. Asubuhi Nelima aliondoka na sanduku lake. Viatu vyangu aliviacha kando ya mlango, vimepigwa rangi, kamba zimeingizwa ndani.

Nilidhani nitapumua. Siku mbili tatu nilipumua kweli. Kisha nikasikia Mama jikoni akilia. Anti Agneta alikuwa amemwambia kwamba mtoto wake ana makosa mengi lakini si la kuua mtu, na kwamba kama dada yake anaweza kuamini hivyo, basi wasijuane. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Nelima naye hakupata shule iliyokubali kumpokea katikati ya mwaka bila barua njema, akabaki nyumbani kumsaidia mama yake kuuza mboga. Mama alinieleza yote hayo akinibadilishia bandeji, na mimi nikasema kidonda kinauma.

Upasuaji wa pili ulifanywa Kitale, mwezi wa saba, kwa sababu huko ndiko daktari wa mifupa alikokuwa akija. Nilipozinduka nilikuta vyuma vimechomekwa mguuni, vinaingia upande huu na kutokea upande wa pili, vimeunganishwa nje kama ngazi ndogo. Tuliambiwa kidonda kisafishwe Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa miezi, na dawa za mshipa ziendelee pale hospitalini. Safari ya kutoka Kamukuywa mara tatu kwa wiki na vyuma vile haikuwezekana. Sote tulijua ni nani anakaa karibu na hospitali, na hakuna aliyelitaja jina. Siku ya kutoka wodini Mama alichukua simu, akasimama dirishani akiwa amenipa mgongo, akapiga. Hakuongea sana. Baadaye nilijua Anti alimjibu hivi: "Mlete. Mguu haujanikosea kitu."

Nyumba ya Anti pale Tuwan ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Nelima alifungua mlango, akasema karibu, akachukua mkoba wangu. Alinipa kitanda chake, yeye akatandika godoro sakafuni. Hakuniuliza chochote, si siku ile wala wiki ile. Aliongea nami maneno ya kazi tu: inua, shika hapa, kunywa dawa, tumechelewa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata niliyatamani. Ukimya wake ulinifanya nimwonee wivu upya. Nilijua mimi nisingeweza kunyamaza hivyo.

Mwendo wa dakika kumi na tano hadi hospitali ulituchukua karibu saa nzima. Mimi na magongo mbele, yeye nyuma akiangalia nisiteleze kwenye tope. Benchi la chumba cha vidonda lilikuwa refu, na watu wake walikuwa wale wale. Kila mmoja alijua kidonda cha mwenzake kuliko jina lake. Sista wa pale alikuwa na desturi ya kulowesha bandeji kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, akasubiri ilainike ndipo aitoe. Kama hujawahi kubanduliwa bandeji kavu huwezi kujua huo ulikuwa wema wa namna gani. Alipofika kwenye vyuma, Nelima alisimama nyuma ya kichwa changu akakibana tumboni mwake ili nisitazame. Nilisikia tumbo lake likinguruma kwa njaa. Alikuwa akiniachia mimi chai ya asubuhi yenye maziwa.

Kwenye benchi nilizoeana na mama mmoja mkulima wa vitunguu kutoka Mlima Elgon, tulimwita Mama Chemutai. Alikuwa na kidonda cha unyayo kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, mwaka wa pili sasa. Kila mtu akitoka ndani alimuuliza kinaendeleaje, na aliomba kuona kabisa. Siku moja mwezi wa tisa alitazama changu, kilichokuwa kimeanza kujaa nyama nyekundu safi, akatikisa kichwa.

"Mimi nakuonea wivu, msichana," akasema. "Yako inajaa. Yangu inakula tu."

Alisema hivyo akicheka, mbele ya benchi zima, kisha akaingiza mkono kwenye kikapu akanipa vitunguu sita. Nilikuwa sijawahi kumsikia mtu mzima akilitamka neno hilo juu yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelificha kama harufu, na lilikuwa limefukuza mtu nyumbani, limewatenganisha ndugu wawili. Yeye alilitoa likawa maneno tu, na nyuma yake vikaja vitunguu.

Njiani Nelima alikuwa amebeba vile vitunguu kwenye kitambaa. Tulipofika kona ya kinu cha kusaga akasema, bila kunitazama, "Angalau yeye anasema." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza yasiyo ya kazi tangu nifike.

Jioni alisimama kwenye meza ya mboga ya mama yake, na mimi niliketi kando yake nikichambua mchicha, mguu umenyooshwa juu ya kreti. Saa kumi wanafunzi walipita na sare zao wakisukumana. Kila siku, walipofika karibu, Nelima aligeuka akaanza kupanga upya sukuma wiki iliyokuwa imeshapangwa. Siku moja aligeuka upande wangu, nikauona uso wake. Niliujua uso ule. Ndio niliokuwa nao mimi sebuleni, nikisikiliza maziwa yakigonga ndoo. Nilimchukia kwa miguu yake, na sasa miguu ile ilikuwa inasimama nyuma ya meza ya mboga kwa sababu yangu. Hata hivyo sikusema. Miezi mingine miwili ilipita, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Nataka ujue hivyo, usidhani nilikuwa mtu mwema aliyekosea mara moja tu. Niliamka kila asubuhi nikaamua tena kunyamaza.

Wakati wa mavuno Baba na Mama walikuja kututembelea, Jumapili baada ya ibada, na kuku na mahindi mapya. Ilikuwa mara ya kwanza Mama na Anti kuketi chumba kimoja. Walipitishiana sahani kwa adabu kama wageni kwenye harusi. Nelima alipakua. Baba alikuwa ameona jinsi anavyonishika ninapoinuka, jinsi anavyojua chuma kipi kinauma, na nadhani ilimgusa. Kabla ya kuombea chakula akasimama, akavua kofia. Alisema mengi kuhusu neema, kisha akamgeukia Nelima.

"Mwanangu, yale uliyomtendea Nafula, mimi nimekusamehe."

Anti Agneta aliweka kijiko chini. Nelima alikuwa ameshika bakuli la mchuzi. Nilisubiri alitupe. Nilisubiri aseme neno moja, na lile neno lingenimaliza, ningestahili.

"Sawa, Anko," akasema, na akaendelea kupakua.

Sijui kama naweza kukueleza. Nilikuwa nimepasuliwa mara mbili, nimechomekwa vyuma, nimekaa na usaha wangu, lakini sikuwahi kuhisi mwili ukinikataa kama nilivyohisi pale. Alikuwa amepokea msamaha usiokuwa wake ili chakula kisipoe.

"Hakunisukuma," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi nirudie. "Baba, hakunisukuma. Aliniambia niachie. Yeye aliachia, mimi nikakataa."

Baba aliniuliza kwa nini nilikataa. Nikamwambia nilitaka kumshinda. Akaniuliza kwa nini basi nilisema vile. Nikamwambia, "Kwa sababu alikuwa na miguu miwili, na viatu vyangu, na ng'ombe, na wewe."

Alibaki amesimama na kofia mkononi. Kisha akatoka nje, tukamsikia akitembea uani, huku na huku. Alikaa nje mpaka mchuzi ukaganda juu. Aliporudi hakuja kwangu. Alisimama mbele ya Nelima akamwomba msamaha, kwa Kibukusu, polepole, kama anavyoomba kanisani, na akalitaja kila jambo kwa jina lake: barua, shule, sanduku.

"Miezi mitano, Anko," Nelima akamwambia.

Hakulia alipofukuzwa wala aliponiuguza. Alilia hapo, ameshika ukingo wa meza, na Mama na Anti wakainuka pamoja, kila mmoja kutoka upande wake, wakamshika. Mimi nilibaki kitandani na vyuma vyangu. Hakuna aliyenigombeza. Hakuna aliyenishika pia.

Hawakunirudisha nyumbani. Jumatatu asubuhi nilisikia pazia likivutwa, Nelima akasema tumechelewa. Tukaenda kusafisha kidonda. Aliendelea kunipeleka mpaka shule zilipofunguliwa Januari, Baba alipomtafutia nafasi ya kidato cha tatu shule moja ya kutwa pale Kitale. Alikataa kurudi Kamukuywa. Baada ya hapo Anti ndiye aliyenipeleka, akiiacha meza kwa jirani.

Mwezi huo huo nafasi ya Mama Chemutai kwenye benchi ilikuwa tupu. Tuliambiwa amelazwa, mguu umekatwa chini ya goti. Nilimtembelea wodini nikiwa na magongo. Kabla ya salamu aliniambia nimwonyeshe. Nikafunua. Alitazama muda mrefu, akasema kimependeza, na kwamba bado ananionea wivu, tena sasa zaidi. Kisha akaniuliza kama vitunguu nilivipika au nilivila vibichi.

Kama uko kwenye benchi kama lile, haya ndiyo ninayoweza kukupa. Omba bandeji iloweshwe kwanza. Usikubali mtu afungue madirisha bila kusema ni kwa nini. Mwambie unaijua harufu yako. Utawaonea wivu wanaotembea. Utamwonea wivu zaidi yule anayekuhudumia, kwa sababu yuko karibu na ana miguu yote miwili. Hilo halikufanyi kuwa mtu mbaya. Liseme mapema, kwa mtu mwenyewe, likiwa bado maneno. Mimi hata leo, nikiwa natembea vizuri, nikimwona Nelima akivuka barabara mbio kuwahi gari, kile kitu hupanda kooni. Siku hizi nampigia simu namwambia. Ananiambia nikome.

Vyuma vilitolewa mwezi wa pili, mwaka kamili tangu nivunjike. Nelima aliomba ruhusa shuleni akaja hospitali na sare yake. Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na gongo moja, mguu mwepesi na wa ajabu kama wa mtu mwingine. Hakunishika. Alitangulia, mkoba mgongoni, na nafasi kati yetu ikawa kubwa hadi nikadhani ataniacha. Mbele ya duka moja la mbegu akasimama. Hakugeuka. Alisubiri mpaka nikafika ubavuni mwake, nahema, jasho linanitoka.

"Bado nimekukasirikia," akasema.

"Najua."

"Sawa. Twende, mama amepika."

Akaanza kutembea tena, safari hii kwa mwendo wangu.